Vidonda vya tumbo: majani yenye kutuliza maumivu, na mikrobi yenye kubakia

Ku masoko mengi ya mashariki ya Kongo, kutoka Bunia mupaka Kalemie, kuko meza zenye chupa za plastiki zilizojaa maji ya kijani ao ya kahawia. Mwenye kuuza anasema ni dawa ya gastriti, ya ulsere, ya amiba, na mara ingine ya sukari na ya mugongo pia. Mutu mwenye tumbo lake linamuchoma usiku ananunua, anakunywa asubuhi na jioni, na kisha siku tatu ao ine anasikia nafuu. Anaambia majirani. Kisha miezi mbili maumivu yanarudia, naye anarudia ku ile meza.

Nafuu yenye anasikia ni ya kweli. Kuko mimea yenye inatuliza tumbo, na mingine imepimwa na wataalamu ndani ya maabara kubwa za dunia. Lakini kidonda kilichonyamaza na kidonda kilichopona ni vitu viwili, na mutu mwenye anavichanganya anaweza kukaa miaka akifikiri amepona, mupaka siku anapelekwa hospitali akitapika damu.

Tumbo na ukuta wake

Tumbo linatengeneza asidi kali sana. Hiyo asidi inayeyusha chakula, na inaua mikrobi nyingi zenye zinaingia pamoja na maji na mboga. Kusudi tumbo lisijikule lenyewe, ukuta wake wa ndani umefunikwa na utelezi muzito, kama ule wa dongodongo. Asidi inabakia upande mumoja wa ule utelezi, nyama ya tumbo inabakia upande mwingine.

Wakati ukuta unawaka na kuvimba, hiyo ni gastriti. Wakati shimo linajitokeza ndani ya ukuta, hiyo ni ulsere, ni kusema kidonda. Kidonda kinaweza kuwa mu tumbo lenyewe ao mu mwanzo wa utumbo mudogo, pale chakula kinapitia kikishatoka mu tumbo. Kidonda cha utumbo mudogo mara nyingi kinauma wakati mutu ana njaa ao usiku, na kinapunguza maumivu akikula. Lakini hakuna munganga mwenye anaweza kutenganisha gastriti na ulsere kwa kusikiliza maumivu peke yake. Mu mitaa, kila tumbo lenye kuchoma linaitwa gastriti, hata la mutu mwenye hajapimwa hata siku moja.

Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba kidonda kinaletwa na mawazo mengi, pilipili, na asidi kupita kiasi. Mugonjwa aliambiwa apumzike, anywe maziwa, aache vyakula vyenye ladha. Hayo mafundisho yangali kwenye vinywa vya watu wengi hapa, hata vya waganga wamoja. Ukweli ulipatikana Australia.

Perth, mwaka 1982

Ku Royal Perth Hospital, muji wa Perth, kulikuwa munganga jina lake Robin Warren, mwenye kazi yake ilikuwa kuangalia vipande vya nyama ya mwili ku mikroskopi. Tangu mwaka 1979 alikuwa anaona mikrobi zenye kujipinda kama skuru zimekaa chini ya utelezi wa tumbo la wagonjwa wenye gastriti. Wenzake hawakumuamini, kwa sababu kila mutu alijua kwamba hakuna mikrobi yenye inaweza kuishi ndani ya asidi ya tumbo. Kijana mumoja, Barry Marshall, alikubali kutumika naye.

Walijaribu kukuza ile mikrobi mu maabara, mara nyingi bila kufaulu: kila kisahani walikitupa kisha siku mbili. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, visahani viliachwa mu mashini kwa siku nyingi zaidi kwa sababu watu walikuwa kongé. Waliporudi, mikrobi ilikuwa imeota. Kumbe ilihitaji muda tu. Baadaye ilipewa jina la helikobakta pilori. Ndiyo ile inaandikwa H. pylori ku karatasi ya labo.

Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yaliyojaa ile mikrobi. Kisha siku chache alianza kutapika, na kamera yenye waliingiza ilionyesha kwamba tumbo lake, lenye lilikuwa zima mbele, sasa lilikuwa na gastriti. Yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Ile mikrobi inafanya namna gani kuishi pale? Inatengeneza kitu chenye kinageuza urea ya mwili kuwa amonia, na amonia inazimisha asidi yenye kuizunguka. Kisha inaogelea ndani ya utelezi mupaka karibu na nyama, pale asidi haifiki sana. Inakaa humo miaka na miaka. Watu wengi wanaipata wakati wangali watoto, ndani ya familia yao, kupitia mate, matapishi ao mikono michafu. Uchunguzi uliokusanya hesabu za nchi nyingi, uliotoka mwaka 2017, ulikadiria kwamba mu Afrika watu kama 70 ku 100 wanayo. Wengi wao hawasikii chochote maisha yao yote. Kama mumoja ku kumi hivi ndiye anapata kidonda. Na tangu mwaka 1994 ile mikrobi imeandikwa ku liste ya vitu vyenye inajulikana kwamba vinaleta kansa, kwa sababu wachache kati ya wale wanaokaa nayo muda mrefu wanapata kansa ya tumbo.

Mzizi wa pili wa vidonda ni komprime za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indometasini. Zinapunguza ule utelezi wa kulinda ukuta. Mama mwenye anabeba muzigo kila siku, mugongo unamuuma, anakunywa diklofenaki mwezi muzima bila kuandikiwa na munganga: huyo anaweza kupata kidonda hata bila mikrobi. Kwake, hakuna majani yatafaa kama angali anameza zile komprime.

Pilipili na kahawa zinaweza kuchoma mahali penye kidonda tayari, lakini siyo zenye zinakitoboa. Sigara inachelewesha kupona. Maziwa, yenye wengi wanakunywa kama dawa, yanatuliza kwa muda mufupi, kisha yanasukuma tumbo kutoa asidi ingine.

Shu, ndizi mbichi, na panya

Mufano wa zamani wenye kupendwa ni maji ya shu. Mwaka 1949, munganga wa California, Garnett Cheney, aliandika habari za wagonjwa 13 wa vidonda waliokunywa maji ya shu mbichi, karibu lita moja kwa siku. Alifuata vidonda vyao kwa radiografi. Vile vya utumbo mudogo vilifunga kwa wastani wa siku 10 hivi, na vile vya tumbo kwa siku 7 hivi, mahali pa zaidi ya mwezi muzima kama ilivyozoeleka wakati huo. Hizo habari zingali zinazunguka ku telefone leo, sawa vile zingekuwa za juzi.

Lakini Cheney hakuwa na kundi la pili la wagonjwa wa namna ileile waliokunywa kitu kingine. Na kidonda kina tabia yake. Kisha hapo, wakati dawa za kisasa zilipopimwa, kila mara kulikuwa kundi lenye lilipewa komprime tupu, zisizo na dawa. Mu hilo kundi, watu kama tatu ao ine ku kumi vidonda vyao vya utumbo mudogo vilifunga ndani ya wiki ine. Ni kusema kidonda kinaweza kufunga chenyewe, kisha kufunguka tena. Mutu akikunywa chochote mu zile wiki, atasifu kile alikunywa.

Ndizi nayo ilipimwa. Mwaka 1984 wataalamu watatu wa Uingereza, Best, Lewis na Nasser, waliandika kwamba unga wa makemba mabichi yaliyokaushwa ulilinda tumbo la panya juu ya vidonda vya aspirini, na hata ulisaidia kuponyesha vilivyokuwa tayari. Ndizi za kuiva, zile tamu, hazikufanya hivyo. Baadaye walitenganisha kitu kimoja ndani ya makemba chenye walifikiri ndicho kinafanya kazi. Inaonekana kinaongeza unene wa utelezi. Kwa mutu wa hapa hiyo ni habari njema, maana makemba ni chakula, hayamudhuru, na kama yanakaza ule utelezi kidogo, hakuna hasara.

Ila ilikuwa panya, na vidonda vya panya havilingane na vya mutu. Karibu kila mutishamba wenye watu wanasema umehakikishwa na uchunguzi juu ya vidonda, ulihakikishwa namna hii: panya anapewa ule muti, kisha anapewa pombe kali, ao indometasini, ao anafungwa kamba mahali tumbo linaishia, na kisha saa chache anauawa ili wahesabu vidonda. Kidonda kimefanywa kwa saa chache. Hakuna helikobakta pilori hata moja mu lile tumbo. Muti wenye ulilinda panya juu ya pombe haujaambia mutu chochote juu ya mikrobi yenye imelala ndani yake tangu utoto.

Kuko pia hesabu. Mu ile kazi ya panya, kipimo cha mara nyingi ni miligrama 400 za dawa iliyokamuliwa kwa kila kilo ya mwili. Wataalamu wakitaka kuhamisha kipimo cha panya kwa mutu, wanagawanya kwa sita hivi. Kwa mutu wa kilo 60 inatoka gramu 4 za dawa kavu iliyokamuliwa, kila siku. Kama gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za ile dawa kavu, basi anahitaji gramu 40 za majani makavu kwa siku, na mu maabara wanakamua kwa pombe safi ya kiwanda, yenye inatoa vitu vyenye maji ya moto hayatoi. Kikombe cha majani matatu ao ine hakiko hata karibu na pale.

Mastiki ya Chios

Hadithi yenye kufundisha zaidi ni ya mastiki. Ni utomvu wa muti wenye unaota ku kisiwa cha Chios, Ugiriki, na watu wa kule wanautafuna juu ya tumbo tangu zamani sana. Mwaka 1998 wataalamu waliandika mu gazeti kubwa la uganga la Marekani kwamba mastiki inaua helikobakta pilori ndani ya kisahani cha maabara, hata kwa kipimo kidogo. Dunia nzima ilifurahi, na vidonge vya mastiki vikaanza kuuzwa.

Mwaka 2003 wengine walijaribu kwa watu wenye ile mikrobi. Wagonjwa nane walikunywa mastiki mara ine kwa siku, kwa wiki mbili. Walipopimwa tena, wote nane walikuwa wangali na mikrobi yao.

Mu kisahani, dawa na mikrobi viko pamoja siku nzima, hakuna pa kukimbilia. Mu tumbo, dawa inafika, asidi inaigeuza, chakula kinaichanganya, na kisha saa moja ao mbili tumbo limeisukuma chini. Mikrobi iko ndani ya utelezi, karibu na nyama, haijaguswa. Kwa hiyo mwenye kuuza akisema muti wake "unaua mikrobi", kitu cha kumuuliza ni kama kuna wagonjwa walipimwa mbele na nyuma.

Japani walijaribu na machipukizi ya brokoli, jamaa ya shu. Watu walikula gramu 70 kila siku kwa wiki nane. Alama za mikrobi zilipunguka kweli. Miezi mbili kisha kuacha, zilirudia pale zilikuwa.

Wakati mumea unakuwa dawa kamili

Hakuna mwenye kusema kwamba mimea haiwezi. Watu wa Bukavu wanajua Pharmakina: ganda la muti wa kinkina linaingia, kinini inatoka, na kila komprime ina uzito uleule, leo na kesho. Tofauti ya kinini na chupa ya soko iko hapo. Chupa ya leo inaweza kuwa na nguvu mara tano kupita ya jana, kulingana na majani yalivunwa wakati gani, yalichemshwa muda gani, na maji yalikuwa ngapi.

Juu ya tumbo pia kuko mimea yenye ilipita ile njia. Mu mwaka 1946 munganga Muholanzi, Revers, aliandika juu ya dawa ya mizizi ya likorisi yenye wagonjwa wake wa vidonda walipata ku farmasi moja ya muji wa Heerenveen. Ilisaidia kweli. Lakini kama mugonjwa mumoja ku tano alivimba uso na miguu. Waingereza walitengeneza kutoka likorisi dawa yenye iliitwa karbenoksoloni, ikauzwa tangu miaka ya 1960. Iliponyesha vidonda, na ilipandisha tansio na kuondoa potasiamu mwilini, sawasawa na muzizi wenyewe. Wakati simetidini ilifika mwaka 1976, ilipunguza asidi bila ile shida, na karbenoksoloni ikasahaulika pole pole. Mu Korea ya Kusini wanaandika mupaka leo komprime ya gastriti yenye inatoka ku artemisia moja. Siyo ile ya malaria yenye inapandwa hapa, ni ndugu yake tu, na kazi yake ni kulinda ukuta. Haiui mikrobi.

Mubirizi na alovera

Mubirizi ndio uchungu wenye kujulikana zaidi mu Kivu. Hata sokwe wanaujua: ku mulima wa Mahale, ng'ambo ya Kalemie upande wa Tanzania, wachunguzi waliona mu miaka ya 1980 sokwe mugonjwa akitafuna kiini cha tawi la mubirizi, na walifikiri anajitibia minyoo. Minyoo, hapana kidonda. Juu ya vidonda, mubirizi umejaribiwa kwa panya, na panya walisaidika. Wagonjwa wa sukari wanapaswa kuangalia, maana mu majaribio ya wanyama mubirizi unashusha sukari, na ukiongezwa juu ya komprime za sukari unaweza kuishusha kupita kiasi.

Alovera inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi wanaisaga yote na ngozi yake. Ndani ya jani kuko vitu viwili. Kile cheupe chenye kuteleza, cha katikati, ndicho kinapoza. Lakini chini ya ngozi kuko maji ya rangi ya njano, machungu, yenye kuharisha kwa nguvu. Mutu akiyakunywa kila siku anapoteza maji na potasiamu, na mama mwenye mimba anaweza kupata maumivu ya tumbo ya uzazi mbele ya wakati. Wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameweka dawa ya jani nzima la alovera, isiyosafishwa, kati ya vitu vyenye labda vinaweza kuleta kansa. Mwenye anataka kuitumia anatoa ngozi, anaacha ile njano itiririke yote, anaosha, ndipo anakamata kile cheupe peke yake. Watoto na wenye mimba wasiitumie.

Kutapika damu, na neno karuho

Hapa ndipo kidonda kinaua watu, na mara ingine kinavunja familia.

Kidonda kikiendelea kuchimba, kinaweza kufikia mushipa wa damu. Mutu anatapika damu nyekundu, ao vitu vyeusi kama masimbi ya kahawa. Ao anaenda choo cheusi, chenye kunata kama lami, chenye harufu mbaya sana. Anasikia kizunguzungu, anakuwa mweupe ku midomo na ku macho, moyo unapiga mbio. Kidonda kinaweza vilevile kutoboa tumbo mupaka inje: maumivu yanakuja mara moja kama kisu, tumbo linakuwa gumu kama ubao. Hizo zote ni za kupeleka hospitali saa ileile, hata usiku, hata kwa moto ya deni. Munganga anaweza kutia damu, kupatia dawa ya kufunga asidi ku mushipa, na kupasua kama inahitajika. Kila saa yenye kupotea ni damu.

Mu Kivu, mutu akikonda, tumbo likimuuma miezi, kisha akitapika damu, watu wengi wanasema karuho. Wanamaanisha kwamba mutu fulani alimupatia sumu ku chakula ao ku kinywaji. Anapelekwa kwa mwenye kutoa karuho, anapewa majani ya kutapisha. Mutu mwenye kidonda chenye kutoka damu, ukimutapisha kwa nguvu, unazidisha ile damu. Na wakati yeye analala pale, ndugu zake wanatafuta nani alimulisha: bibi, mama mukwe, jirani mwenye walikunywa naye kasiksi. Kuko watu walifukuzwa mu mitaa yao juu ya neno hilo.

Sumu iko, na watu wanaweza kupewa sumu. Lakini maumivu ya kuchoma yenye yanakuja na kuenda kwa miezi, yenye yanabadilika na njaa ao chakula, na kisha choo cheusi, hiyo ndiyo picha ya kidonda. Kamera moja inaweza kuonyesha shimo lenyewe, mahali lilipo, na damu inatoka wapi. Mbele ya kutaja jina la mutu, hiyo ndiyo ya kufanya.

Kupima

Vipimo vya helikobakta pilori ni vya namna ine, na havina nguvu sawa. Kile cha damu, cha kidole ao cha mushipa, ndicho rahisi na chenye kupatikana ku vituo vingi. Kinaonyesha kwamba mwili ulishakutana na mikrobi. Hakionyeshi kama iko leo. Mutu aliyepona mwaka uliopita anaweza kubaki na alama ya "ndiyo" muda mrefu, na kutibiwa tena bure. Cha choo kinatafuta mikrobi yenyewe, na ni kizuri. Cha pumzi ni kizuri pia, lakini kinahitaji mashini. Cha ine ni fibroskopi, ile kamera ya kuingiza ku koo, yenye inaona kidonda na kukata kipande kidogo cha kupima. Bei inasumbua, lakini mutu mwenye anakonda bila sababu, mwenye kumeza kunamusumbua, mwenye alitoka damu, ao mwenye miaka yake imesonga na maumivu ni mapya, huyo anahitaji kamera kweli.

Kitu kimoja chenye wengi hawaambiwi: mutu akimeza omeprazoli, kipimo cha choo na cha pumzi vinaweza kusema "hapana" wakati mikrobi iko. Anapaswa kuiacha wiki mbili mbele ya kupima, na antibiotiki wiki ine mbele.

Siku 14

Dawa ya helikobakta pilori ni muchanganyiko: dawa ya kufunga asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili ao zaidi, mara nyingi amoksisilini na klaritromisini ao metronidazoli, kwa siku 14 hivi. Munganga ndiye anachagua, kwa sababu kuko wenye mwili wao unakataa amoksisilini, na kwa sababu mikrobi inajifunza.

Metronidazoli ndiyo mufano. Hapa kila tumbo lenye kuuma linaitwa amiba, na kwa amiba watu wanakimbilia Flagyl ku farmasi, komprime ine leo, sita wiki ijayo, kisha wanaacha. Flagyl ndiyo metronidazoli. Kila mara inagusa helikobakta pilori bila kuimaliza, na zile zenye zinabakia ndizo zenye nguvu. Mu nchi nyingi za Afrika, metronidazoli imepoteza nguvu yake kwa sehemu kubwa juu ya hii mikrobi. Klaritromisini inaanza kufuata: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka helikobakta pilori yenye kushinda klaritromisini ku liste ya mikrobi zenye zinahitaji dawa mupya haraka. Mutu mwenye anameza siku tano, anasikia nafuu na anauzisha ama kutunzia ndugu komprime zilizobakia, anatengeneza mikrobi yenye haitasikia dawa mara ya pili.

Omeprazoli peke yake inafunga kidonda. Bila antibiotiki, kama mikrobi iko, zaidi ya nusu ya vile vidonda vinarudia ndani ya mwaka moja. Ni hadithi ileile ya chupa ya soko, tofauti ni kwamba hii ya pili inatoka farmasi.

Na mwenye kutumia majani? Hapana lazima ayatupe. Makemba mabichi, shu, kile cheupe cha alovera kilichooshwa vizuri, vinaweza kukaa pembeni ya matibabu kama vinamutuliza. Lakini amuambie munganga kila kitu anakunywa, hata kama anaogopa kukemewa, na asichanganye chupa zenye hajui ndani yake kuko nini wakati wa zile siku 14. Kisha kumaliza, anangojea wiki ine, bila omeprazoli mu zile wiki mbili za mwisho, ndipo anarudia kipimo cha choo. Kama karatasi inasema "hapana", imeisha. Kama inasema "ndiyo", munganga anabadilisha antibiotiki, na karatasi ya kwanza anapaswa kuja nayo, maana humo ndimo kunaandikwa ni gani zilishajaribiwa.